Mazoezi kwa Mtoto Anayevaa Bresi ya Mgongo

Mzazi anayemleta mwanawe kwetu na bresi mpya mara nyingi hutuuliza kama sasa mtoto aache michezo. La, asiache.

Bresi, yaani vazi la plastiki ngumu linalobana kiwiliwili, huvalishwa mtoto ambaye bado anakua na ambaye uti wake wa mgongo umepinda kwa takriban nyuzi 25 hadi 40 katika picha ya eksirei, na kazi yake ni kuzuia mpindo usizidi hadi mifupa ikomae. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa, kati ya waliovaa bresi takriban saa 13 au zaidi kwa siku, zaidi ya asilimia 90 walifanikiwa. Kwa hiyo mazoezi hayawi sababu ya kuivua ovyo. Hata hivyo, kiwiliwili kinachobanwa na plastiki ngumu kwa miezi mingi hukakamaa na misuli yake hulegea.

Ndiyo maana zoezi letu la kwanza hufanywa bresi ikiwa imefungwa. Ndani yake mna mto unaosukuma mbavu zilizochomoza, nasi humwelekeza mtoto asiuegemee, bali ajitenge nao kwa nguvu ya misuli yake mwenyewe, asogee kwenye nafasi iliyoachwa wazi upande wa pili, na atulie hapo akihesabu hadi kumi bila kubana pumzi. Kisha tunapitisha kipande cha karatasi kati ya mto na fulana. Karatasi ikikwama, aghalabu mtoto ameinua bega tu, na tunaanza upya. Siku za mwanzo ni ngumu, na machozi huwatoka baadhi yao, hatuwaharakishi.

Zoezi la pili ni la kupumua, yaani kuielekeza hewa kwenye mbavu zilizobonyea. Njia hii ilianzishwa na Katharina Schroth, Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1894, ambaye mwenyewe alivaa bresi ya chuma ujanani na akajichunguza mbele ya vioo. Nasi humweka mtoto mbele ya kioo, kiganja cha mzazi kikiwa kwenye sehemu iliyobonyea, ili wote wawili wahisi mbavu zikifunguka.

Kuogelea kunafaa sana kwa afya, ila hakuchukui nafasi ya mazoezi haya. Wala usimfanyishe mwanao mazoezi ya mtoto mwingine, kwa kuwa mipindo haifanani. Mnapokuja, mtoto avae bresi yake juu ya fulana ya pamba inayobana, na mje na picha zake za eksirei za karibuni.