Dada, nyumba bado ipo

Shikamoo dada. Najua mmenisema sana, toka Februari sijatuma kitu na mama anadhani nimewasahau, sasa leo nasema ukweli wote maana nimechoka kusingizia simu mbovu. Nyumba yetu hapa Houston, Texas, ilikuwa inaenda mnadani.

Kazini walinipunguzia masaa, rejesho la kwanza la mkopo wa nyumba likapita, la pili, barua za benki nikawa nazitupia kwenye droo bila kufungua, nikiona bahasha tu tumbo linakata. Hapo ndo nilipokosea dada, maana kwa sheria ya huku kwa kawaida benki haianzi mambo ya kuuza nyumba mpaka uchelewe zaidi ya siku 120, miezi minne yote hiyo ya kuongea nao mimi nimeikalia kimya. Ikaja notisi. Texas mara nyingi hata kesi hakuna, notisi ya mnada inatoka angalau siku 21 kabla, na mnada unakuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi.

Jumamosi yake akabisha hodi mkaka mmoja kavaa suti, ananiita jina kamili, habari za mnada anazo zote. Nikajua katumwa na benki, kumbe yale matangazo yanabandikwa mahakamani, yeyote anasoma. Akataka dola 2,500 kwanza, eti benki nisiongee nao tena, halafu nisaini hati ya nyumba iende kwa kampuni yake, tukae kama wapangaji, baadae tutainunua. Dada, kalamu nilishaishika! Yaani hati yake, deni bado langu. Shemeji yako ndo akasema tusubiri Jumatatu.

Jumatatu mwenzangu wa kazini, Mkenya, akanipa namba ya washauri wanaotambuliwa na HUD, wizara ya nyumba ya huku, bure kabisa. Yule mama mshauri akapigia benki na mimi nikiwa kwenye laini, tukatuma slipu za mshahara na barua ya kueleza shida yangu, mnada ukasimama, malimbikizo wakayasogeza mwisho wa mkopo. Akaniambia toka 2011 kampuni kama ile hairuhusiwi kuchukua hela yako kabla hujapata ofa ya benki kwa maandishi na ukaikubali.

Kinachoniuma ni jirani yetu, mama wa Kikongo, yeye alishasaini kwa mtu yule yule. Alhamisi nimeomba ruhusa nampeleka kwa mawakili wa msaada wa bure, Kiingereza kinamsumbua ntamtafsiria. Hela ya dawa za mama naituma mwisho wa mwezi.