Malalamiko: senti mliyoiuza kuwa ya 1804 ni ya 1803 iliyochongwa

Kwa Meneja wa Mauzo,
Idara ya Sarafu za Kale.

Ndugu Meneja,

YAH: SENTI KUBWA YA MAREKANI "1804, SHELDON 266", FUNGU NAMBA 37

Tunadai kurudishiwa fedha za fungu lililotajwa hapo juu. Tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, nasi tunawaandikia kwa Kiswahili.

Mlieleza kuwa sarafu ni ya 1804, Sheldon 266 (namba ya Sheldon hutaja jozi ya mihuri iliyoipiga senti), imepigwa kwa mihuri, yaani vyuma vinavyochapa picha na maandishi, iliyomeguka pande zote mbili. Iliyofika ni ya 1803, tarakimu ya 3 imekwanguliwa ikaumbwa 4. Uzito wake ni gramu 10.5, na msijitetee kwa hilo: tangu mwisho wa 1795 kipimo rasmi cha senti kilikuwa gramu 10.89, kwa hiyo mizani haitenganishi 1803 na 1804. Kinachozitenganisha ni mihuri. Mafundi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia walipiga herufi na tarakimu moja moja kwenye kila muhuri, kwa mkono, na ndiyo maana nafasi zake hazilingani muhuri kwa muhuri. Mwaka 1803 una aina nyingi, Sheldon 243 hadi 265. Mwaka 1804 una jozi moja tu, ya 266, kwa hiyo kuikagua si kazi ya siku nzima.

Shikeni sarafu kwa vidole viwili, kushoto na kulia, kichwa kikiwatazama na mwaka uko chini. Igeuzeni juu-chini, si kama ukurasa wa kitabu. Kwenye senti halali ya 1804, sifuri ya mwaka inakaa nyuma ya O ya neno OF, lililo upande wa pili. Kwenye hii yenu inaangukia katika uwazi kati ya STATES na OF. Mnunuzi hakuwa na njia ya kuliona hilo, kwa sababu picha zenu mbili zilikatwa mviringo na kila upande ukasimamishwa wima peke yake. Picha ya namna hiyo inafuta kipimo chenyewe. Pigeni picha moja ya ziada, sarafu imesimama mbele ya kioo, pande zote mbili zionekane.

Tuje kwenye "mmeguko" wa RTY, herufi za mwisho za neno LIBERTY. Muhuri ukimeguka ukingoni, pale palipotoka kipande hubaki shimo, na shaba hujaa humo sarafu inapopigwa. Matokeo ni uvimbe ulioinuka, laini, unaofunika vichwa vya herufi. Pale RTY kwenye sarafu yenu kuna pigo la nyundo au la kuanguka: shaba imesukumwa kuelekea ndani, T imepinda, na ukiitazama sarafu ubavuni unakuta bonde mahali hapohapo. Bonde na uvimbe ni vitu viwili. Upande wa nyuma, wenye shada, juu ya MERIC ya neno AMERICA, hakuna chochote isipokuwa uchakavu, ingawa mliandika kuwa mmeguko upo.

Tarakimu ya 4 tuliitazama kwa kioo cha kukuzia mara 10, taa ikimulika kutoka pembeni. Uwanja unaoizunguka umezama kama kisahani. Mikwaruzo midogo inakwenda sambamba kutoka kwenye sifuri hadi karibu na vazi la Liberty, mwanamke aliye kwenye sarafu, na tumbo la ile 3 ya awali bado linaonekana kama kivuli kilichopinda nyuma ya mguu wa 4. Shaba ya hapo ni nyekundu-nyekundu. Kwingine kote ni rangi ya kahawa. Aliyechonga alijaribu kuipaka giza, na rangi haikushika.

Kwa simu, mhudumu wenu alidai kwamba basi itakuwa ile nakala iliyopigwa baadaye, ambayo nayo ina soko. Haiwezekani. Nakala ile ilitolewa nje ya kiwanda cha serikali miaka mingi baadaye, kwa muhuri wa 1803 uliogeuzwa mwaka na muhuri wa nyuma wa 1820, na muhuri huo wa 1820 hauna sehemu ya 1/100 chini ya shada. Sarafu yenu inayo, tena inasomeka vizuri.

Tunataka:

1. Bei yote, pamoja na gharama za usafirishaji kuja na kurudi, ndani ya siku 14.
2. Tangazo la fungu hili liondolewe katika kumbukumbu zenu za mauzo au lisahihishwe, lisije likatumika kupangia bei ya 1804 nyingine.
3. Mtuambie kwa maandishi ni nani aliyeipa sarafu hii namba 266, na kwa kipimo gani.

Sarafu iko ndani ya bahasha yake ya awali. Haijasafishwa wala kupakwa mafuta, na tumeambatisha picha nane, mojawapo ikiwa ya kioo. Tutaituma mara tu mtakapothibitisha anwani ya kupokelea.

Wenu,
Wanunuzi wa fungu namba 37