Choo kimejaa na gari haliingii? Soma hapa kabla hujatapisha

Kazi yetu ni kunyonya vyoo vilivyojaa Dar es Salaam. Masika yakianza, simu za wateja hupungua. Siyo kwamba vyoo vya Keko, Tandale au Vingunguti vimeacha kujaa. Mvua ikikaza usiku, mwenye nyumba anatoboa ubavu wa choo, maji yanazoa yaliyomo hadi mtaroni, na asubuhi shimo lina nafasi. Huko ndiko kutapisha, na hajatoa hata shilingi.

Anayelipa ni jirani wa bondeni. Maji yale yanapita uani kwake, yanaingia kisima chake kifupi, na watoto wanacheza humo humo. Dar es Salaam tunakumbuka kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kikasambaa mikoa mingi. Ukimeza vijidudu vyake, dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache, au hadi siku 5. Mayai ya minyoo nayo hukaa hai kwenye udongo kwa miezi, hata miaka.

Hata hivyo, wanaotapisha siwalaumu sana. Gari la kunyonya majitaka linahitaji barabara, na mpira wake una mwisho. Kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja anampisha mwenzake, gari hilo halina msaada. Tena mashimo mengi ya huku yamezungushiwa matairi au mapipa, kwa sababu maji ya ardhini yako juu na mchanga unaporomoka. Ukilivuta kwa nguvu shimo la namna hiyo, linaweza kubomoka.

Sisi tunatumia pampu ya mkono iitwayo Gulper. Vijana wanakuja na magwanda, buti na glavu, wanasimama juu na kuvuta tope mpaka kwenye mapipa yenye mifuniko. Hakuna anayeshuka shimoni. Gesi ya mle ndani inaua. Guta linabeba mapipa hadi mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, na mteja asiyetuamini anaruhusiwa kulifuata. Tunahesabu kwa pipa. Mwenye uwezo wa mapipa matano leo, tunatoa matano, mengine mwezi ujao.

Nyumba ya vyumba vinane yenye choo kimoja, choo kikijaa, kila kitu kinavurugika. Wanawake wanasubiri giza au wanabisha hodi kwa jirani mpaka wanachokwa. Wengine wanapunguza kunywa maji. Binti aliye kwenye siku zake hana pa kujisitiri. Baadaye wapangaji wanahama, na mwenye nyumba aliyekwepa gharama ya kunyonya anakosa kodi. Choo kikinyonywa, hayo yote yanatulia siku hiyo hiyo. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo nikiona choo kipya kinazinduliwa kwa shangwe. Sijawahi kuona kiongozi akikata utepe wa kunyonya choo cha zamani, ilhali hata hicho kipya kitajaa.

Ugomvi mkubwa huwa ni nani alipe. Mwenye nyumba anasema wapangaji ndio waliojaza. Wapangaji wanasema nyumba si yao. Njia tuliyoona inafanya kazi ni kibubu: kila chumba kinatoa kidogo kila wiki, mama mmoja anayeaminika anashika, na mwenye nyumba anaongeza nusu. Mkisubiri shimo lijae ndipo mchange, mtatapisha tu.

Usisubiri tope lifike juu. Ikibaki kama nusu mita lifike juu, tupigie. Tuambie shimo ni la matairi, mapipa au matofali, na guta linaweza kufika umbali gani kutoka mlangoni. Pampasi, pedi, matambara na chupa visitupwe humo: vinaziba pampu, na tukilazimika kuvivua kwa ndoano kwanza, kazi ya asubuhi moja inakuwa ya siku nzima na bei inapanda.