Risala ya Wahitimu wa Ushonaji kwa Mgeni Rasmi: Mfuko wa Mwanamke

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu, wazazi na wageni waalikwa,
Wahitimu wenzangu,

Awali ya yote, kwa niaba ya wahitimu wa fani ya ushonaji na ubunifu wa mavazi, tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kujumuika nasi katika mahafali haya. Tunajua kwamba risala nyingi huanza na idadi ya wahitimu na kuishia kwenye uchache wa vifaa. Kwa ridhaa ya walimu wetu, sisi tumeomba kutumia dakika hizi kukueleza jambo moja tulilolipata mwaka huu, ambalo limebadili namna tunavyoishika nguo: vazi la mwanamke ni hati ya historia, na fundi anayejua kulishona anapaswa ajue pia kulisoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, juu ya meza iliyo mbele yako kuna kitu ambacho kwa mbali huonekana kama pochi ya mtoto. Huo ni mfuko. Tumeushona kwa mkono, kwa kitambaa cha kitani, tukiigiza mifuko ya wanawake wa Ulaya wa karne ya 18 ambayo hadi leo imehifadhiwa katika makumbusho. Utaona kwamba ni mwembamba juu na mpana chini, una mpasuko wa wima upande wa mbele, na umeshikizwa kwenye utepe mrefu. Mwanamke aliufunga kiunoni chini ya sketi, kisha akaufikia kwa kupenyeza mkono kwenye uwazi ulioachwa katika mshono wa sketi yenyewe. Humo alitia sarafu, funguo, mkasi, tondoo na barua. Mifuko mingi ilitariziwa maua kwa ustadi mkubwa, ingawa hakuna mpita njia ambaye angeyaona. Jambo hilo lilitugusa sana wakati wa kuushona huu, kwa sababu kila mshono tuliouweka ulikuwa wa kufichwa.

Wakati huohuo mifuko ya mwanamume ilishonewa ndani ya koti na suruali yake, ikawa sehemu ya nguo. Wa mwanamke ulining'inia kwenye utepe, na utepe hukatika au hukatwa. Kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey ya London zina kesi za wizi wa mifuko ya namna hii, na katika kesi hizo vitu vilivyokuwemo hutajwa kimoja kimoja. Kwa njia hiyo, wanawake ambao hawakuacha maandishi yoyote tunawajua leo kwa vitu walivyoibiwa.

Sisi Waswahili tuna neno la kutia kitu kibindoni, na kila mtu anaelewa kwamba kilichotiwa kibindoni kina mwenyewe. Kwa mwanamke wa Uingereza aliyeolewa, haikuwa hivyo. Sheria ilizihesabu fedha zake kuwa za mumewe, hata zile alizozichuma kwa mikono yake. Ni sheria ya mwaka 1870 iliyomruhusu kuubakiza ujira wake, na ile ya mwaka 1882 iliyomtambua kuwa mmiliki kamili wa mali yake. Kwa hiyo kwa miaka mingi mwanamke huyo aliufunga kiunoni mfuko alioushona na kuutarizi mwenyewe, na sarafu zilizokuwa ndani yake zikawa za mtu mwingine. Kabla ya sheria hizo, mwishoni mwa karne ya 18, magauni yakawa membamba na kiuno cha gauni kikapandishwa hadi chini ya kifua, mfuko ukakosa pa kujificha. Mahali pake pakashikwa na kimkoba kidogo cha kubeba mkononi. Sisi tunaliona badiliko hilo kuwa kubwa kuliko linavyoelezwa kwa kawaida, kwa kuwa mwanamke aliyefuata mtindo huo, akitaka kubeba vitu vyake, alilazimika kutoa mkono mmoja kwa ajili ya kazi hiyo.

Kuhusu koseti, vazi la ndani la kubana kiuno, na krinolini, fremu ya kutanua sketi, hatutasema mengi, kwa kuwa yanajulikana. Itoshe kusema kwamba chama cha kutetea mavazi ya busara kilichoanzishwa London mwaka 1881, Rational Dress Society, kilidai nguo za ndani za mwanamke zisizidi ratili 7, yaani kilo 3 na kidogo. Anayepima vitambaa kila siku atajiuliza, kama tulivyojiuliza sisi, kabla ya hapo zilikuwa na uzito gani hata kiwango hicho kionekane kuwa ni nafuu.

Suruali nayo ina historia yake. Mwaka 1851 Amelia Bloomer wa Marekani alitetea katika gazeti lake vazi la sketi fupi juu ya suruali pana, na vazi hilo likabandikwa jina lake. Wanawake waliolivaa walidhihakiwa magazetini na kuzomewa barabarani, na baada ya miaka michache wengi wao, Bloomer mwenyewe akiwemo, waliliacha. Kule Paris, amri ya polisi ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke anayetaka kuvaa kama mwanamume aombe kibali. Mchoraji Rosa Bonheur, aliyekwenda kwenye masoko ya mifugo na machinjioni ili kuchunguza maumbile ya wanyama aliowachora, alikuwa mmoja wa waliopewa kibali hicho, na kilikuwa cha muda wa kuhuishwa. Baadaye amri ililegezwa: suruali ikaruhusiwa ikiwa mwanamke ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Ilipofika mwaka 2013 ndipo serikali ya Ufaransa ilipotamka rasmi kwamba amri ile haina nguvu tena. Tunaomba utambue, Mheshimiwa, kwamba sheria haikumlegezea mwanamke kwa sababu ya mwili wake. Ilimlegezea kwa sababu ya chombo alichopanda.

Hatuwezi kuzungumzia mvaaji tukamsahau mshonaji, maana huyo ndiye sisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 blauzi ya kola na vifungo ilikuwa vazi la mwanamke aliyetoka kwenda kazini, katika maduka, shule na ofisi, na ilihesabiwa kuwa alama ya uhuru wake. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha Triangle mjini New York, kilichoshona blauzi hizohizo. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146, wengi wao wakiwa wasichana wahamiaji. Miaka 102 baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo liliporomoka nchini Bangladesh na kuua watu zaidi ya 1,100, ilhali nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Kurasa hizi tulizisoma darasani kwa sauti, na baada ya hapo cherehani zilikaa kimya kwa muda mrefu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika zoezi letu la mwisho kila mmoja wetu alileta suruali mbili kuukuu, moja ya kike na moja ya kiume, tukazifumua na kupima mifuko. Katika suruali za kike tulikuta mifuko isiyotosha vidole vinne, na mingine ilikuwa ya bandia: mdomo wa mfuko umeshonwa vizuri, una pindo na kifungo, lakini nyuma yake hakuna kitu. Mwenzetu mmoja alifumua mshono wote akidhani amekosea upande. Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba hakuna vazi la mwanamke litakalotoka mikononi mwetu likiwa na mfuko wa bandia.

Kwa msingi huo tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie kuushawishi uongozi ili somo la historia ya mavazi, ambalo mwaka huu tulilipata kwa hisani ya mwalimu mmoja aliyejitolea saa zake za jioni, liingizwe katika ratiba ya chuo. La pili, tupatiwe kabati moja la vioo, tuanze kuhifadhi nguo kuukuu za wanawake, kila moja ikiwa na karatasi inayoeleza ilishonwa na nani, ilivaliwa kwa shughuli gani na ilitengenezwa upya mara ngapi. Mfuko ulio mezani ndio tuliopanga uwe wa kwanza kuingia humo. Hata hivyo, tumeafikiana kukukabidhi wewe leo, na kabla ya wanaotufuata kufungua muhula tutakuwa tumeshona mwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.