Wanamuziki, bima ya thadi pati hailindi vyombo vya muziki

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanamuziki wenzangu hapa Kampala. Mwaka jana tulitoka kupiga kwenye kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi, huko Jinja, tukasimama njiani tule kidogo, kurudi kioo cha gari kimevunjwa na kinanda hakipo, waya tu zinaning'inia kwenye siti, mi nikajipa moyo si gari lina bima. Kumbe thadi pati, ile ya lazima kwa sheria ya 1989, ni ya watu wanaoumizwa na gari lako, kinanda kilichoibiwa ndani haikigusi kabisa! Niliumia sana.

Jamani, iko bima ya vyombo vyenyewe, ulizeni. Ila usisaini kabla hujauliza mambo haya: chombo kikiachwa garini bila mtu wanalipa? Na wanalipa bei ya kipya au bei ya kile chako kilichochakaa, maana hapo tofauti ni kubwa mno, unaweza kupewa hela isiyonunua hata stendi. Risiti tunza, piga picha ile namba iliyo nyuma ya chombo.

Halafu spika ikimwangukia mgeni harusini hospitali analipa nani? Hiyo ni kazi ya bima ya dhima, ile inayolipa mtu akiumia kwa sababu yako, bendi nyingi hata hazijaisikia.

Na wakala akija na fomu, hakikisheni kwanza ana leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima hapa Uganda.

Mpiga kinanda,
Kabalagala, Kampala