Ng'ombe hakurogwa, ni mtama uliochipua

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi ng'ombe za gredi zinazokufa ghafla huku Nyakach baada ya mavuno ya mtama, juu nimechoka kusikia eti jirani ameweka sumu ama mtu ana jicho baya. Sumu ipo, ndio, lakini imemea kwa shamba la mwenyewe.

Tangu kiwanda cha bia pale Kisumu kifunguliwe tena 2019 mtama una soko, na hiyo ni poa, pesa ni pesa. Shida inaanza tukishavuna. Mabua yanabaki shambani, jua linapiga wiki kadhaa, halafu mvua ya vuli inanyesha kidogo tu na pale chini kwa shina kunatoka machipukizi mabichi yanapendeza kweli, hayajafika hata goti, na nyasi ya nepia nayo imekauka kwa hivyo unamfungulia ng'ombe akule. Hayo majani machanga ndiyo hatari, yakifika tumboni yanatoa sumu inaitwa sayanaidi. Ng'ombe anavuta hewa vizuri tu lakini mwili unashindwa kuitumia, ndio maana utaona damu ni nyekundu kupita kawaida.

Jirani yangu alikuwa na frisha mmoja wa kukamuliwa, karo yote ya watoto ilitoka hapo. Aliingizwa kwa mtama asubuhi tumbo tupu. Watu hawajamaliza chai anatetemeka, anahema mdomo wazi, povu, ukifunua mdomo ufizi umeiva kama nyanya, mara akaanguka ubavu. Daktari wa mifugo ana sindano ya hiyo kitu lakini lazima aitwe haraka sana, na kutoka sokoni mpaka kwetu na bodaboda barabara ikiwa na matope, wacha tu. Alipofika watu washaanza kunoa visu. Na yule wa ng'ambo ya ua, kwa sababu walikuwa na kesi ya mpaka, hadi leo anaangaliwa vibaya.

Sisemi mtama usilishwe ng'ombe. Ukikomaa, ukapita kiuno, hatari inashuka sana. Ukiukata ukauanika mpaka ukauke kabisa, ama ukautengeneza saileji, yaani ukaukatakata ukaushindilia na kuufunika hewa isiingie, pia sumu inapungua, lakini kunyauka siyo kukauka na hapo ndipo wengi wanaanguka, majani yaliyonyauka kwa kiangazi bado ni mabaya. Na mpe nyasi kavu kwanza, usimpeleke huko na njaa. Maganda mabichi ya muhogo mchungu ni hivyo hivyo, sumu ni ile ile.

Sasa mbona haya tunayajua baada ya ng'ombe kufa? Mifuko ya mbegu za mtama wa malisho ninayonunua kwa agroveti imeandikwa Kizungu tupu, mama yangu mkwe ndiye anachunga na hasomi hiyo. Baraza ya chifu kila siku ni chang'aa na vitambulisho. Afisa wa mifugo aje mwezi wa tisa kabla mvua ya vuli, abebe hayo machipukizi mkononi watu wayaone, aongee Kiswahili na Kijaluo. Na wewe mhariri, ule ukurasa wa kilimo mchape picha yake, kubwa, ya rangi, tuibandike pale tunapopeleka maziwa.

Mfugaji,
Nyakach, Kisumu