Jembe lisiwe adhabu tena: barua kwa walimu wa mkondo wa amali

Walimu wenzangu mnaoupokea mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi kama ufundi na kilimo, katika shule za sekondari,

Salamu zangu ziwafikie popote mlipo vituoni. Nimestaafu, na mstaafu hana mamlaka ya kumwelekeza mtu. Alichobakiwa nacho ni kumbukumbu. Ipo moja ambayo imenirudia mara kwa mara tangu tarehe 1 Februari 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua pale Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023.

Yaliyomo mnayajua. Elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mwaka 2027 darasa la sita la kwanza la mfumo mpya litamaliza pamoja na darasa la saba la mwisho, ili wote wapokelewe kidato cha kwanza mwaka 2028. Juu ya upungufu wa madarasa na madawati utakaoletwa na wingi huo wasemaji wapo, tena wenye takwimu kuliko mimi. Langu ni juu ya mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali, na hasa juu ya namna sisi walimu tutakavyoutazama huo wa pili.

Wapo wanaodhani kwamba amali ni jambo geni. Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Mimi niliingia kazini mwaka 1976 nikiwa na elimu ya darasa la saba, mmoja wa vijana waliochukuliwa kwa ajili ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Saa nyingine nilifundisha, saa nyingine nilisoma, na masomo mengine tuliyafuata redioni. Kwa hiyo nikisema kwamba mabadiliko makubwa hutangazwa kabla walimu hawajatosha, simlaumu aliyetangaza. Mimi ni zao la haraka hiyo, na pasipo haraka hiyo nisingeshika chaki.

Nilijiendeleza, nikapata stashahada, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nikapangiwa shule moja ya bweni katika nyanda za juu iliyokuwa na mchepuo wa kilimo. Somo lilikuwamo kwenye ratiba, mwalimu wake alikuwapo, na shamba lilikuwa kubwa. Lakini aliyechelewa paredi alipewa jembe, aliyefeli jaribio la hesabu alipewa jembe, na aliyepiga kelele bwenini alikatiwa ngwe nyuma ya jiko. Siku moja nikiwa mwalimu wa zamu nilimkatia ngwe kijana wa kidato cha pili. Aliimaliza kabla ya wenzake, kisha badala ya kwenda kunawa akabaki akinyoosha matuta yao, akichuchumaa na kutazama mstari kwa jicho moja kama seremala anayekagua ubao. Nikakiona kiburi, nikamwongezea ngwe ya pili. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba siku ile nilimwadhibu mwanafunzi bora wa kilimo kwa kosa la kukipenda kilimo.

Hivyo ndivyo mchepuo ulivyotufia mikononi. Fedha zilikuwa haba, ni kweli, na zana zilichakaa bila kubadilishwa. Ila dharau ilianzia ofisi ya walimu, na wanafunzi wakaijifunza vizuri kuliko somo lolote.

Sasa natazama mnavyoanza, na hofu yangu kubwa ni ile siku ya kuwapanga watoto. Vishawishi vitakuwa vingi vya kuwaelekeza wenye alama nzuri kwenye mkondo wa jumla na kuwabwaga waliobaki kwenye amali, kisha kuwaambia wazazi kwamba mtoto amepelekwa huko kwa sababu hakuweza. Mkifanya hivyo mwaka wa kwanza, hakuna waraka wa wizara utakaoifuta sifa hiyo mwaka wa tano. Muulizeni mtoto anapenda kufanya nini, mwangalieni mikono yake ikiwa kazini, na mzazi mwambieni wazi kwamba fundi umeme anahitaji hesabu safi kuliko karani.

Jambo la pili ni ufundi wa ubaoni. Shule isiyo na karakana hushawishika kuchora randa kwa chaki, kutaja sehemu zake na kuendelea na mada inayofuata, na kwa kuwa lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, mtoto aliyekulia kwenye karakana ya baba yake akiijua randa, patasi na tupa huonekana mjinga mbele ya mchoro wa chombo alichokishika jana. (Hili la lugha lina barua yake; nitaliandika nikipata nguvu.) Mkuu wa shule akiridhia, mwiteni fundi wa mtaani aje na sanduku lake la zana. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, basi shule nayo isione haya kumkaribisha mtu wa aina hiyo darasani.

Na pale ambapo hakuna msumeno hata mmoja, andikeni kwamba hakuna. Enzi zetu taarifa za robo mwaka zilikuwa tamu kama uji wa harusi: vipindi vyote vya vitendo vilifundishwa, zana zote zilikuwapo. Mkaguzi alisoma, akasaini, akaondoka, na mwaka uliofuata hatukuletewa chochote, kwa kuwa kwa maandishi yetu wenyewe hatukupungukiwa kitu.

Mwalimu wa zamu atakayewakuta wachelewaji getini Januari 2028, namwomba awape kazi nyingine yoyote anayoiona inafaa, na shamba la shule awaachie wale wanaolisomea.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu